Mradi umefungwa: usubiri mwingine, uombe serikalini, uende sekta binafsi au ufungue biashara?

Mwishoni mwa Januari 2025 tuliitwa kikao cha ghafla, tukaambiwa tufunge kompyuta, kazi isimame. Rais Trump alikuwa amesaini amri tarehe 20 ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na wengi wetu tulidhani ni siku 90 kweli. Kuna waliokwenda likizo kijijini. Tarehe 10 Machi Marco Rubio, Waziri wao wa Mambo ya Nje, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na ilipofika 1 Julai shirika lenyewe likaacha kazi.

Mimi nilikuwa mtu wa data kwenye mradi wa VVU hapa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Miaka 8, mikataba ya mwaka mmoja mmoja, Oktoba hadi Septemba, kwa sababu ndivyo mwaka wa fedha wa Wamarekani unavyokwenda. Siku ya makabidhiano nilisaini fomu ya kompyuta, chaja, modemu na kitambulisho. Aliyenipokea ni jamaa wa stoo, na fomu yake mwenyewe ilikuwa kwenye rundo lile lile, chini ya yangu.

Tangu hapo swali kwenye grupu letu la WhatsApp ni moja: sasa tunafanyaje? Kila mtu husifia njia aliyoishika yeye. Aliyefungua duka anasema ajira ni utumwa, aliyeitwa usaili Dodoma anasema biashara ni kamari. Nimejaribu kuziweka njia nne mezani na kuzipima kwa mizani moja. Sitakuambia ipi ni bora, maana nimeona kila moja ikimwinua mtu mmoja na kumwangusha mwingine.

Ugumu wa safari hii ni kwamba tumetoka wote kwa mpigo. Kwa kawaida mtu akipunguzwa kazi huwapigia wenzake walioko mashirika mengine wamshike mkono. Sasa unampigia mtu, kabla hujamaliza salamu anakuuliza, "Kaka, huko kwenu vipi, hakuna kitu?" Nafasi moja ya afisa ufuatiliaji na tathmini ikitangazwa, waombaji wote tuna vyeti vile vile, tumetumia mifumo ile ile ya CTC, kliniki za huduma na matibabu ya VVU, tumehudhuria hata semina zile zile kwenye hoteli zile zile.

Kwanza karatasi, halafu daftari

Kabla ya kuchagua njia, jua una nini mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, kwa miaka isiyozidi 10. Miaka yangu 8 ni siku 56. Wengi hushtuka hapo, kwa sababu walikuwa wanawaza mamilioni ya mtaji. Mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake, kiinua mgongo hicho huna. Ukikatishwa katikati, hesabu ni nyingine. Soma wako vizuri. Dai pia notisi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hizo siku huisha huku bado unapokea simu za pole.

Halafu kuna fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: kwa aliyechangia miezi 18 na zaidi, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mshahara wa 1,200,000 unakupa kama 400,000 kwa mwezi. Fao hili halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa "andika tu barua ya kujiuzulu ili faili lifungwe vizuri", usiandike.

Sasa daftari. Nilichukua daftari la shule la mwanangu, nikaandika matumizi ya mwezi: kodi ya nyumba, chakula, umeme, maji, nauli, ada. Nikapata jumla nzuri kabisa. Mke wangu akaitazama, akachukua kalamu, akaongeza: hela ya mama Sengerema, dawa za presha za baba yake, kadi mbili za harusi tulizokwisha ahidi, na bima ya afya ambayo sasa hakuna mwajiri wa kuilipia. Jumla ilipanda karibu robo. Nikagawa akiba yote kwa namba ile mpya: miezi 5. Kama huna namba hiyo, usiendelee kusoma. Itafute kwanza, na mwenzako awepo.

Mizani

Kila njia nimeiuliza maswali manne: hela ya kwanza inaingia lini? Kuingia kunagharimu nini? Ukishaingia, umetulia kiasi gani? Na ukitaka kurudi ulikotoka, mlango bado uko wazi? Kisha nimesema inamfaa nani.

1. Kusubiri mradi mwingine, huku ukishika vibarua vya utafiti

*Hela ya kwanza.* Kazi ya kukusanya data uwanjani ya siku 10 au 15 inaweza kupatikana mwezi huu. Posho ya kujikimu hutolewa mapema, lakini ada yenyewe husubiri ripoti ikubaliwe, na kukubaliwa huko kuna kalenda yake. Usisahau kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kabla hujaiona. Ajira kamili ya mradi ni suala la miezi mingi.

*Gharama.* Kwa shilingi ni kidogo: bando, TIN (namba ya mlipakodi), nauli. Kinacholika ni muda. Nimewahi kukaa siku tatu nikiandika ombi moja, na sikupata hata jibu la hapana.

*Utulivu.* Hapa niseme wazi, maana kuna faraja nyingi za uongo zinazunguka. "Wamarekani wameondoka, Waulaya watajaza." Uingereza yenyewe ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Miradi haitakwisha, lakini itakuwa michache, midogo, na yenye watu wachache wanaofanya kazi za watu watatu.

*Mlango.* Hii ndiyo njia isiyofunga mlango wowote. CV yako haipoi, jina lako linaendelea kusikika.

*Inamfaa* mwenye akiba ya miezi 8 na kuendelea, au mwenye ujuzi ambao grupu zima halina: uchambuzi wa takwimu wa kina, fedha za ruzuku na ukaguzi wake, maabara. Kama ujuzi wako ni kama wangu, kuingiza data na kutoa ripoti ya robo mwaka, foleni ni ndefu mno.

2. Ajira serikalini

*Hela ya kwanza.* Mbali. Tangazo kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kisha kuitwa, usaili wa mchujo wa kuandika, wa vitendo kwa baadhi ya kada, mahojiano, kupangiwa kituo, kuripoti, kupata cheki namba, yaani namba yako ya mtumishi. Hata aliyefaulu anaweza kuambiwa jina limewekwa kwenye kanzidata kwa sababu nafasi zilijaa.

*Gharama.* Kuomba ni bure. Yanayokula hela ni yanayozunguka ombi: muhuri wa wakili kwenye kila nakala, cheti cha kuzaliwa kama ulikipoteza, nauli na gesti usaili ukiwa mbali. Na majina! Jina langu la katikati lina herufi moja zaidi kwenye kitambulisho cha NIDA kuliko kwenye cheti cha kidato cha nne. Miaka 8 mradini hakuna aliyejali. Kwenye usaili herufi hiyo inatosha kukurudisha nyumbani, kwa hiyo nilikwenda kwa wakili kuandaa hati ya kisheria ya majina. Angalia yako leo, usingoje siku ya kuitwa.

*Utulivu.* Hakuna njia nyingine inayofika hapa. Unapita miezi 12 ya majaribio, kisha unathibitishwa, na hakuna Septemba ya kuogopa. Mshahara wa kuanzia huwa chini ya wa mradi, wakati mwingine chini sana. Aliyezoea posho za safari atanung'unika mwaka wa kwanza.

*Mlango.* Matangazo mengi huweka ukomo wa miaka 45. Mlango huu unajifunga wenyewe, polepole, wewe ukiwa umekaa.

*Inamfaa* zaidi wauguzi, matabibu, watu wa maabara na famasia, kada ambazo matangazo yake hutoka kwa idadi kubwa. Sisi wa data na utawala tunagombea nafasi mbili, tatu. Ila kuomba hakukuzuii kufanya njia nyingine yoyote. Ni kosa kuihesabu kama chaguo la pekee, ukakaa nyumbani unasubiri tangazo.

3. Sekta binafsi, hata kwa ngazi ya chini

Njia hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwenye grupu letu, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

*Hela ya kwanza.* Mwisho wa mwezi. Hakuna njia ya uhakika inayoizidi kwa hilo. Kazi za mauzo huwa na mshahara mdogo na kamisheni, na kamisheni ya miezi miwili ya mwanzo usiihesabu kabisa.

*Gharama.* CV kwanza. Yangu ilikuwa na kurasa 7, mbili kati yake orodha ya semina. Nilipompelekea binamu yangu anayefanya kazi kwenye kampuni ya usambazaji, alinipigia akicheka: "Hii ni CV au katiba?" Alinifanya nifute "kuimarisha mifumo ya ufuatiliaji wa viashiria" na kuandika nilichokuwa nafanya kweli: kila mwezi nilipokea taarifa za vituo 34, nikazikagua, nikazituma kabla ya tarehe 5, na vituo vilivyochelewa nilivifuata kwa pikipiki. Kurasa zikawa 2. Wiki ile ile niliitwa sehemu mbili.

Gharama ya pili ni ile ya kuulizwa "mshahara wako wa mwisho ulikuwa ngapi?" Nilitaja. Meneja aliyekuwa ananihoji aliweka kalamu chini. Anachoogopa ni rahisi kuelewa: mradi mwingine ukitokea, huyu ataondoka asubuhi. Usipoijibu hofu hiyo, hupati kazi hata ukikubali nusu ya mshahara. Mimi nilimwambia sekta yangu imefungwa, nina watoto wawili shule ya msingi, na ninachokitafuta ni mshahara unaoingia kila mwezi. Sikuongeza maneno.

*Utulivu.* Wastani. Michango ya NSSF inaendelea, bima mara nyingine ipo. Fao la kukosa ajira ni la asiye na ajira, kwa hiyo ukianza kazi usilipigie hesabu tena. Mwajiri binafsi naye hupunguza watu, tofauti ni kwamba utaona dalili mapema: mzigo stoo unapungua, malipo ya wauzaji yanachelewa. Sisi mradini tulifungiwa wakati hela ipo na kazi inakwenda vizuri.

*Mlango.* Hapa wasiwasi wa wenzangu una ukweli ndani yake. Ukikaa miaka miwili, mitatu kwenye mauzo, jopo la mradi mwingine litakuuliza umetoka lini kwenye VVU. Dawa yake ni kushika kibarua kimoja cha utafiti kwa mwaka, hata cha likizo, ili mstari usikatike.

*Inamfaa* mwenye miezi 3 au pungufu, mwenye watu wengi nyuma yake, na yeyote ambaye akikaa nyumbani wiki tatu anaanza kukosa usingizi. Haimfai anayeona aibu kuonekana amebeba sampuli za dawa mbele ya aliyekuwa dereva wake wa mradi. Ninasema hivyo kwa sababu mimi nimekutana na wangu. Tulicheka, akanipa lifti. Siku hizi anaendesha teksi.

4. Biashara kwa hela ya mafao

*Hela ya kwanza.* Inategemea biashara. Uwakala wa pesa za simu huingiza kamisheni tangu siku ya kwanza. Kuku wa nyama ni wiki ya 5 au ya 6. Duka la nguo huamua lenyewe.

*Gharama.* Watu huhesabu bidhaa wakasahau fremu ya duka. Wenye fremu wengi wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, na hapo kiinua mgongo cha siku 56 kinakwisha kabla hujanunua rafu. Kuna TIN ya TRA na leseni ya halmashauri. Kodi yenyewe isikutishe sana mwanzoni: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hana kodi ya mapato ya kulipa. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024; hauna riba, lakini kwa kawaida ni wa vikundi, na kikundi kilichoundwa kwa haraka ili kupata mkopo nimeona mwisho wake.

Wawili niliofanya nao kazi walianza mwezi mmoja. Dada wa ushauri nasaha alifungua uwakala kwenye kona ya baba yake mdogo, bila kodi ya fremu. Shida yake ilikuwa moja: siku ya mnada kila mtu anatoa, keshi inaisha saa nne asubuhi, floti, yaani salio la wakala, imejaa kwenye simu haina kazi. Alijifunza kuingia siku ya mnada na keshi mara mbili ya siku nyingine, na kuelewana na mwenye duka la jumla jirani wabadilishane. Yupo mpaka leo.

Mwenzangu wa pili aliingiza vifaranga 500 kwa mara ya kwanza maishani. Siku ya 7 alichanja dhidi ya ugonjwa wa mdondo kama alivyoelekezwa. Chanjo ya gumboro ya siku ya 14 aliahirisha kidogo kwa sababu hela ilikuwa imekwenda kwenye chakula. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya banda asubuhi, sikujua nimjibu nini. Angeanza na 100, angepata somo lile lile kwa bei ya chini.

*Utulivu.* Mwaka wa kwanza hakuna. Baada ya hapo unaweza kuwa na uhuru ambao njia tatu zilizotangulia hazina.

*Mlango.* Wa kurudi kwenye ajira unabaki wazi. Hela ndiyo hairudi. Kwa maoni yangu, ambayo unaweza kuyakataa, biashara ya kwanza isile zaidi ya theluthi ya ulichonacho, hata kama shemeji ana uhakika kiasi gani.

*Inamfaa* aliyekuwa tayari anafanya kitu pembeni kabla mradi haujafungwa, mwenye sehemu isiyo na kodi, au mwenye mwenzi anayepokea mshahara. Aliyeanza kuifikiria biashara siku alipopokea mafao, ningemshauri akae kwanza mwezi mmoja dukani kwa mtu, bila malipo.

Sasa wewe uko wapi?

Kama daftari linasema miezi 3 au chini, na watoto wako shule, nenda sekta binafsi sasa, omba serikalini usiku. Biashara isubiri.

Kama una miezi 3 hadi 6 na mwenzi wako analipwa, una nafasi ya kupima biashara ndogo kwa theluthi ya hela, huku ukichukua vibarua vya data vikitokea. Mwenye miezi hiyo hiyo lakini anayetegemewa peke yake, afuate njia ya aliye na miezi 3.

Kama wewe ni muuguzi, tabibu au mtu wa maabara na hujafika miaka 45, Ajira Portal iwe kazi yako ya kwanza, na hospitali au maabara binafsi iwe daraja la kukushikilia.

Kama umevuka 45, usipoteze mwezi kwa matangazo yenye ukomo wa umri. Uzoefu wako una bei zaidi kwenye konsalti au kwenye kampuni inayotaka mtu mzima wa kusimamia vijana.

Kama una ujuzi adimu na akiba ya mwaka, subiri kwenye sekta, na wenzako wakikuita mvivu wavumilie.

Na kwa njia zote nne: anayekuomba hela ya fomu, ya usaili, ya kukuunganisha, au ya viza ya kazi ya Uarabuni ambayo huijui hata mwajiri, mwache. Msimu kama huu wao ndio wanaoajiri.

Mimi miezi yangu 5 ilinipeleka sekta binafsi. Nasambaza dawa kwenye maduka ya Nyamagana na Ilemela, hapa Mwanza, mshahara ni chini ya nusu ya ule wa zamani, na mke wangu bado anashika lile daftari. Mwezi ujao nimeitwa usaili wa mchujo. Nimeazima notisi za takwimu za mdogo wangu aliyeko chuo. Kurasa za mwanzo nazikumbuka, kuanzia ya 40 ni kama sijawahi kuziona.